Nguzo Haondoki

Kanuni zetu nilizitunga mimi. Naanza na hilo ili msije mkanionea huruma mahali nisipostahili. Nilizichapa kwenye kompyuta ya karakana yangu, katikati ya majokofu ya watu yaliyofunguliwa migongo, nikazitia kwenye plastiki na kumpa kila mmoja nakala yake. Mama Mapacha, mwenye tanuri la mikate, alisoma akaangua kicheko. "Kapteni, tunaenda kutembea au tunaenda vitani?" Dokta, ambaye ni dokta wa meno na hana haraka ya kucheka, aliikunja yake akaitia mfukoni. Shemeji peke yake ndiye aliyeikariri.

Shemeji ni mume wa dada yangu, mwalimu wa hesabu. Ni mtu ambaye akikuta kibao cha kukataza kukanyaga majani atazunguka uwanja mzima, hata kama hakuna anayemwona. Alinunua pikipiki akiwa na miaka hamsini na moja, na jinsi alivyoiendesha ungedhani ameazima ya mkuu wa polisi. Nilikuwa nikimtania kwamba hata kobe humpigia honi apishe njia. Alikuwa akicheka kweli kweli, mabega yakitikisika, halafu kesho yake anaendesha vilevile.

Watu wanne wakienda mbali kwa pikipiki hawawezi kwenda wakionana muda wote. Kwa hiyo wa kwanza anaongoza, na wa mwisho ni mkia, naye huvaa kizibao cha rangi ya machungwa ili aonekane kwa mbali. Kila mahali pa kuiacha barabara kuu, yule aliye wa pili husimama hapo kuwaonyesha wa nyuma pa kukatia. Huyo tunamwita nguzo. Nguzo haondoki mpaka mkia umfikie, hata abanwe na haja, hata inyeshe mvua ya mawe. Wa nyuma nao wana lao: penye njia panda pasipo nguzo, nenda moja kwa moja, kwa sababu kama tungekata kona angekuwepo mtu. Ukienda nusu saa bila kuona mwenzako, simama, zima injini, kaa na pikipiki yako na usigeuke, tutakufuata. Na jaketi halivuliwi barabarani.

Niliwahi kumkuta Dokta ameondoka kwenye nguzo dakika tatu kabla mkia haujamfikia. Hakupotea mtu. Lakini nilimsimamisha mbele ya wenzake akaomba radhi kama mtoto wa shule, kisha nikamweka mkiani mwezi mzima. Ndivyo nilivyokuwa. Na roho yangu ilisuuzika.

Safari yenyewe ilikuwa ya kilomita elfu moja na mia sita ndani ya saa ishirini na nne. Kuna chama cha waendesha pikipiki, kiko mbali huko, ukiwapelekea risiti za kila kituo cha mafuta zenye saa zake, nao wakaridhika kwamba hukudanganya, wanakutumia beji ya kitambaa yenye ukubwa wa kiganja. Mimi, mtu mzima mwenye karakana na watoto wanaoniita baba, niliitaka beji ile kama mtoto anavyotaka puto. Mwaka uliotangulia tuliikosa kwa dakika ishirini na sita.

Tuliondoka saa kumi jioni. Ilipofika saa tano asubuhi ya siku ya pili tulikuwa hatujalala, macho yamejaa mchanga, na zimebaki kilomita mia tatu na themanini. Hesabu ilikuwa inakubali kwa shida. Ingekubali vizuri zaidi kama Shemeji angethubutu kupita themanini kwa saa, lakini mkia ndiye yeye, na nilimweka mimi, kwa sababu nilijua hatampita mtu.

Mahali penyewe ni hivi. Lami pana inanyooka mbele kwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa zamani. Njia yetu inakata kushoto, nyembamba, ya changarawe, haina hata kibao. Dokta akakata, mimi nikasimama. Dakika mbili baadaye Mama Mapacha akapita, akanipigia honi, akapotelea kwenye vumbi. Nikabaki namngoja Shemeji.

Dakika tano. Dakika nane. Hapakuwa na mti, nyumba, wala mbuzi. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami na kuingia kwenye suruali. Nikaangalia saa yangu kila baada ya pumzi tatu, na kila nilipoiangalia nilimtukana Shemeji kimoyomoyo, matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu dada yangu anasoma. Dakika ya kumi na moja nikaona taa kule mbali, inacheza kwenye mvuke wa joto. Taa moja. Gari lina mbili. Nikasema, huyo hapo, mzee wa themanini. Sikungoja kuona rangi ya machungwa. Nikasema vumbi langu ataliona, nikawasha, nikakata kushoto, nikakanyaga gia.

Kituo cha mafuta kilikuwa kilomita arobaini na tano mbele. Nilijaza tangi, nikachukua risiti: saa tano na dakika hamsini na mbili. Dokta alikuwa amelala chali kwenye kibaraza, buti miguuni. Mama Mapacha alikuwa anapekua mizigo yake akilalamika kwamba glavu yake moja imedondoka njiani, na ni zile za ngozi alizonunuliwa na wanawe.

Baada ya robo saa likaingia lori la saruji, bovu bovu, linakohoa. Taa ya kushoto ilikuwa imetobolewa, ya kulia inawaka mchana kweupe. Nililitazama lile lori likizunguka uwanja na kusimama. Dereva akateremka akajinyoosha. Nikamwendea peke yangu, nikamuuliza kama amepita pikipiki njiani.

"Moja," akasema. "Ilikuwa imesimama pembeni huko nyuma kabla ya njia panda. Mzee anaokota kitu barabarani. Akanipungia mkono."

Nikarudi kwa wenzangu. Mama Mapacha akanyanyua kichwa. "Mkia yuko wapi, Kapteni? Mbona anachelewa?"

"Anakuja."

"Pale njia panda si ulimwona?"

Huu ndio wakati wenyewe. Dokta alikuwa ameinuka, ananitazama, na nilimwona tena amesimama mbele yetu siku ile, kichwa chini, anaomba radhi kwa dakika tatu.

"Nilimwona," nikasema.

"Na kizibao?"

"Mama Mapacha, nimesema nimemwona. Na kizibao chake."

Kama nilimwona, basi alikata kushoto pamoja nasi. Na kama alikata kushoto na hajafika, basi ameanguka mahali fulani kwenye zile kilomita arobaini na tano za changarawe. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angefikiri vingine. Tukawasha. Habari ya beji haikutajwa tena na mtu. Simu hazikuwa na mtandao tangu asubuhi.

Tuligawana: Dokta upande wa kulia wa njia, Mama Mapacha kushoto, mimi nitangulie mpaka njia panda kisha nirudi. Nilikwenda mbio nikiangalia mitaro ambayo nilijua haina mtu. Nilikuwa najidanganya kwamba sijui. Nilijiambia labda lori lilitangulia tu, labda naye alifuata nyuma yake, akaona vumbi, akakata. Labda kweli yuko mtaroni. Mtu anayesali ili shemeji yake awe ameanguka mtaroni, mwiteni jina mnalotaka.

Nilifika njia panda. Lami ilinyooka mbele yangu, tupu, inang'aa kama imemwagiwa maji. Nilijua yuko huko. Nilimjua yule mtu: hakukuta nguzo, akaenda moja kwa moja. Amekwenda nusu saa yake, amesimama, amezima injini. Hatageuka. Atakaa hapo na jaketi lake jeusi limefungwa mpaka shingoni, kwa sababu karatasi imesema, na karatasi niliiandika mimi. Maji aliyokuwa nayo ni chupa moja ndogo, tena ya saa mbili zilizopita.

Ningeweza kwenda peke yangu. Nilifikiri hivyo. Lakini nikimpata huko, wataniuliza aliendaje huko kama nilimwona akikata kushoto. Nikasimama pale, injini inanguruma, nikitafuta uongo wa pili wa kuushikiza ule wa kwanza, na sikuupata. Nikageuza pikipiki. Mungu wangu, niligeuza, nikarudi kutafuta mitaroni.

Tulizunguka njia ile kwenda na kurudi. Dokta alipiga honi kila kilomita kisha akazima injini asikilize. Hakulalamika, hakuuliza kitu. Saa yangu ilikuwa inakimbia na sasa sikuwa nahesabu beji, nilikuwa nahesabu chupa ile ndogo.

Kilomita ya ishirini kuna daraja juu ya korongo kavu. Nikakuta pikipiki ya Mama Mapacha imeegeshwa na mwenyewe hayupo. Nikachungulia. Alikuwa ameshuka chini kabisa, kwenye miiba, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye presha, mkono mmoja una glavu na mwingine unatoka damu. Alikuwa anainua matawi makavu, moja moja, anaita, "Mwalimu! Mwalimu wee! Itika hata kidogo!" Sauti ilikuwa imekwisha.

Hapo nikashindwa. Nilikaa chini kwenye ukingo wa daraja, nikamwita apande. Dokta naye akafika. Nikawaambia.

"Sikumwona. Niliona taa nikaondoka. Ilikuwa ya lori. Amekwenda moja kwa moja, kule machimboni."

Mama Mapacha alikuwa anahema, majani makavu yamemshika kwenye nywele. "Umejua tangu lini?"

"Tangu lile lori lilipoingia kituoni."

Dokta akatazama saa. Hakuitazama kwa ukali, alifanya hesabu tu. "Saa moja na dakika ishirini," akasema. "Joto hili."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Mama Mapacha akavaa helmeti yake akafunga mkanda. "Tusipoteze muda kukuchukia sasa hivi. Washa."

Sijawahi kuendesha vile na sitaendesha tena. Kwenye ile lami mshale ulikuwa mia moja na hamsini na pikipiki ilikuwa inatetemeka kama inataka kunitupa, nami nilikuwa naongea peke yangu ndani ya helmeti. Nilisema, geuka, Shemeji. Mara moja tu katika maisha yako vunja kanuni, geuka, tukutane hapa katikati unitukane. Kila nilipoona kitu cheusi mbele nilisema ni yeye anarudi. Kilikuwa tairi lililopasuka, au kivuli cha jiwe.

Alikuwa amekwenda kilomita arobaini kasoro kidogo. Pikipiki ilikuwa imesimama pembeni kwa stendi, imeegeshwa vizuri, taa za tahadhari zinawaka na kuzima. Yeye alikuwa amekaa chini ameegemea tairi la nyuma, amevaa kila kitu: helmeti, jaketi, kizibao juu yake. Ametazama upande tuliotokea.

Nilimvua helmeti. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu, hauna hata tone la jasho. Nikamwita akanitazama bila kunitambua, akaanza kusema namba. Saba, saba, saba. Kisha mwili mzima ukaanza kumtetemeka na macho yakageuka juu.

"Mvue! Mvue jaketi!" Dokta alikuwa ameshatoa kisu. Alichana mikono ya lile jaketi, tukammwagia maji yote tuliyokuwa nayo, shingoni, kwapani, mapajani. Mama Mapacha alikuwa anampepea kwa kile kizibao. Jaketi lilipofunguka, glavu yake ya ngozi ikaanguka kutoka kifuani kwa Shemeji. Ndiyo aliyosimama kuokota. Mama Mapacha akaitazama, akaendelea kupepea, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, hakuyafuta.

Kisha akaondoka mbio kurudi njia panda kutafuta gari, na akarudi na pikapu ya mtu wa mitungi ya gesi. Tulimlaza nyuma. Dokta, kabla ya kupanda, alizungusha ufunguo wa pikipiki ya Shemeji, sijui kwa nini, labda azime zile taa. Ikawaka papo hapo. Tangi lilikuwa na nusu nzima. Angeweza kurudi kituoni akanywa soda baridi muda wowote aliotaka.

Hospitali walimtia barafu na dripu, wakatufukuza chumbani. Baada ya muda daktari, wa kweli sasa, akatoka akatuuliza amekaa juani muda gani. Dokta akamwambia kama saa mbili. Yule daktari akatikisa kichwa. Akasema atapona, lakini joto limemfika kwenye ubongo, na kwamba saa ya kwanza mwili bado unapigana. Ile ya pili ndiyo inayoharibu.

Dada alifika jioni. Alikuwa ameshasikia njiani kutoka kwa watu kwamba ndugu yake ndiye aliyempata mumewe. Alinijia moja kwa moja kwenye korido, akanishika mikono yote miwili, akaibusu. "Mungu akuzidishie, mdogo wangu. Kama si wewe leo ningekuwa mjane." Dokta akatazama sakafu. Mama Mapacha akageukia ukuta.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, taa, lori, kituo, mitaro. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado amenishika.

"Ulikuwa unamtafuta mahali unapojua hayupo?"

"Ndiyo, dada."

"Muda gani?"

"Saa moja na dakika ishirini."

Akaniachia mikono. Akaifuta yake kwenye gauni, polepole, mbele na nyuma, akaingia wodini.

Shemeji alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Miguu inakwenda anakotaka yeye mara moja kati ya tatu. Ulimi ni mzito, maneno yanatoka yamelowa. Hesabu zimekwenda zote. Ukimwambia ahesabu mpaka ishirini anafika kumi na tatu, anasimama, anaangalia mikono yake kwa aibu. Wanafunzi wake walikuja kumwamkia na hakumjua hata mmoja, akawauliza kama wameshakula.

Lakini safari ile anaikumbuka. Anaisimulia bila kuruka kitu, tangu glavu mpaka alipozima injini.

Nilikwenda Jumapili ya kwanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimejipanga, nimeshalia nyumbani ili nisilie kwake. Dada alinikamata jikoni kabla sijafika sebuleni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Unataka kumwambia?"

"Lazima ajue, dada. Siwezi kukaa naye hivi."

"Namba zimekwenda," akasema. Hakupandisha sauti. "Majina ya watoto wa watu yamekwenda. Hata siku tuliyooana ameniuliza juzi ilikuwaje. Kitu kimoja ndicho alicho nacho kizima, kwamba alikaa akikungoja nawe ukaja. Unataka kumnyang'anya na hicho ili wewe upate usingizi?"

"Dada..."

"Utakuja hapa kila Jumapili. Utakaa karibu naye. Utasikiliza. Sitaki pesa yako, sitaki machozi yako."

Ni mwaka wa pili sasa. Pikipiki niliiuza. Dokta na Mama Mapacha tukikutana mjini tunasalimiana vizuri, kila mtu anakwenda na hamsini zake. Jumapili iliyopita palikuwa na wageni, mwalimu mkuu wa zamani na mkewe. Nilikaa kwenye kiti changu, pembeni ya Shemeji. Hakungoja aulizwe.

"Watu... wananiambia... kwa nini hukugeuka," akaanza, mate yanamtoka kidogo, na Dada akainama akamfuta. "Ninge... geukaje? Kanuni ni kanuni. Nilikaa. Jua lile! Nikasema, Shemeji wangu... hawezi. Hawezi kuniacha. Nikasema... atakuja." Akautafuta mkono wangu, akaupata mara ya pili, akaukamata kwa ile mikono yake inayotetemeka. "Na alikuja."

"Subhana," akasema mke wa mwalimu mkuu, macho yamemlowa. "Hakika una ndugu."

Mwalimu mkuu alinipa mkono. Nilitaka kuinuka nitoke. Dada alikuwa anamimina chai, hakumwaga hata tone. Akanisogezea kikombe changu, akaketi mbele yangu.

"Wageni hawajasikia upande wako," akasema. "Hebu waeleze ulivyomtafuta."

Shemeji akageuza uso, akatabasamu, akangoja. Nikaweka kikombe chini nikaanza kuwaeleza.